Kompyuta ya Kuonyesha Picha

Watu wa maabara walimwita Kiraka, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake pale hospitalini ilikuwa kutunza kompyuta, na kwa miaka sita kila alipochungulia mlangoni pa maabara alikuwa na maneno yaleyale: kuna kiraka cha programu kimetoka, nipeni saa moja nikiweke. Mwanzoni walimpa. Baadaye wakaanza kumwangalia kama mvua ya siku ya kuanika nguo.

Jumatatu moja alikuwa bado kwake, amesimama jikoni na mswaki mdomoni, aliposoma tangazo kwenye simu. Watunzaji wa Linux, mfumo ulioendesha kompyuta za hospitali, walikuwa wamegundua tundu katika programu inayopokea watu wanaoingia kutoka mbali. Mtu yeyote, popote alipo, angeweza kuingia bila nywila na kujifanya mwenye nyumba. Kiraka cha kuliziba tundu hilo kilikuwa tayari. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa ameshakiweka kwenye kila kompyuta aliyoruhusiwa kuigusa. Ikabaki ile aliyokatazwa, seva ya maabara, iliyokuwa ikipokea majibu kutoka kwenye mashine ya kupimia damu na kuyapeleka wodini, na kwenye kliniki tatu za nje ya mji. Kwa ajili ya kliniki hizo seva ile ilikuwa na mlango wa kutokea nje, na mlango huo ndio uliokuwa na tundu.

Juu ya seva palibandikwa karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: USIGUSE. Mwandiko ulikuwa wa mkuu wa maabara, na mkuu wa maabara alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka minne na kumfundisha kusoma saa.

Kaka alimsikiliza hadi mwisho huku akifuta miwani yake kwa pindo la koti jeupe. Kisha akamuuliza kama anaweza kuapa kwamba namba zitatoka vilevile baada ya kuweka hicho kiraka chake. Kiraka akasema kuapa hawezi, hakuna anayeweza kabla ya kujaribu.

"Basi hapana," kaka akasema.

"Kaka, sitafuti kitu kipya. Mlango uko wazi."

"Na mara ile pia ulikuwa wazi. Ulinishika mkono ukaniambia hayahaya, nikakuamini kwa sababu ni wewe. Mimi ndiye niliyekwenda kukaa na mume wa yule mgonjwa. Wewe ulikuwa umejifungia kwako unalia."

Wapimaji wawili waliokuwa karibu wakainamia darubini zao kana kwamba wameona jambo la ajabu huko ndani. Kiraka akatoka bila kuaga, uso ukimwaka.

Mara ile ilikuwa miaka miwili nyuma. Kulitokea tundu kama hili, akaomba saa moja, akapewa, na alipomaliza kila kitu kilionekana sawa. Hakuna aliyejua kwamba programu mpya ilikuwa ikikata desimali. Kwa siku nzima na nusu, nambari ya moja nukta tisa ilifika wodini ikiwa moja. Kwenye vipimo vingi daktari alishtuka mapema. Kwenye kipimo cha figo hakushtuka, kwa sababu moja ni figo nzima na moja nukta tisa ni figo inayoanza kuchoka. Kulikuwa na mwanamke fundi cherehani aliyelazwa kwa maambukizi. Akapewa dawa kali isiyopewa mwenye figo dhaifu. Alipona maambukizi, lakini figo hazikurudi kama zamani. Kila mwezi alikuja kupimwa, na kila mwezi Kiraka alipomwona kwenye korido alijikuta na jambo la haraka la kufanya ghorofa ya juu.

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Alijua cha kuomba, kwa kuwa alikuwa amekiomba kwa maandishi miezi kumi na minne iliyopita, yeye na kaka yake, sahihi zao mbili chini ya karatasi moja: kompyuta ya pili inayofanana na ile ya maabara, ya kufanyia majaribio. Ukiwa nayo unaweka kiraka huko kwanza, unalinganisha namba, kikiharibu hakijamuumiza mtu. Bila hiyo, kila kiraka ni kucheza kamari na damu za watu, na kila kiraka kisichowekwa ni kamari vilevile.

Mkurugenzi alimkaribisha kwa uchangamfu, maana alikuwa mtu wa kuchangamkia kila mtu. Akasema ombi lile analikumbuka, lakini mwaka ule halikupita, na mwaka huu hali ngumu. Akauliza kama seva ya maabara inafanya kazi. Kiraka akajibu inafanya. Mkurugenzi akafungua viganja vyake vyote viwili mezani, kama mtu aliyemaliza hesabu.

"Sasa kitu kinafanya kazi, dada yangu, wewe unataka kukichokonoa. Kubalianeni huko na kaka yako. Ugomvi wa nyumbani msiniletee ofisini."

Kiraka alihisi meno yakisagana. Jibu alilokuwa nalo lingemfukuzisha kazi. Akainuka. Alipofika mlangoni mkurugenzi akamwita tena na kumwomba, akiwa anatoka, amsaidie katibu muhtasi, kwa sababu picha za sebuleni zilikuwa zimekwama tangu Ijumaa na wageni wa wizara walitarajiwa.

Sebuleni kwa mkurugenzi kulikuwa na skrini kubwa ukutani. Siku zote ilionyesha picha zikipishana: mkurugenzi anakata utepe, mkurugenzi anapanda mti, mkurugenzi ameshikana mikono na watu waliovaa suti. Sasa ilikuwa imekwama kwenye utepe, mkasi hewani. Katibu muhtasi, mama wa makamo aliyewahi kumsaidia Kiraka mara nyingi kupata sahihi, akasema kompyuta yenyewe imo ndani ya kabati la mbao chini ya skrini, inachemka kama jiko, na ufunguo huu hapa.

Kiraka akapiga magoti akafungua kabati. Joto likampiga usoni. Ndani mlikaa kompyuta nyeusi, pana, aina ileile aliyoijua kwa macho na kwa vidole, pacha wa seva ya maabara. Akaivuta kidogo. Ubavuni ilikuwa bado na kibandiko cha stoo, kimeandikwa kwa mkono wa mtunza stoo: MAABARA – MAJARIBIO. Na tarehe. Ilikuwa imepokelewa hospitalini miezi kumi na moja iliyopita.

Akabaki pale magotini. Miezi kumi na moja. Mara tatu katika miezi hiyo kaka yake alikuwa amemkatalia, na yeye akaenda nyumbani akimlaani kimoyomoyo kwa ukaidi. Sikukuu nzima walikaa kwa mama yao kila mmoja kwenye kochi lake, wanaombana chumvi kupitia kwa mama. Na muda wote huo kitu ambacho kingewapatanisha kilikuwa humu kabatini, kinamwonyesha mtu akikata utepe.

"Hii ililetwa lini hapa?" akamuuliza katibu.

Katibu akasita, akatazama mlango wa bosi wake, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ilitoka stoo moja kwa moja, bosi alisema iazimwe kwa wiki mbili, kwa ajili ya uzinduzi.

Hasira nyingine humfanya mtu apige kelele. Ile iliyomshika Kiraka ilimfanya atulie kabisa. Alichomoa nyaya moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya kabati. Skrini ikawa nyeusi. Wageni wawili waliokuwa wakisubiri kwenye makochi wakamtazama. Akaikumbatia kompyuta kifuani, nzito kama mtoto wa miaka mitano aliyelala, akamwambia katibu, "Mwambie picha nimezitengeneza," akatoka nayo.

Kutoka kwa mkurugenzi hadi maabara ni korido mbili na ngazi moja. Watu walimpisha. Mfagiaji mmoja alitaka kumsaidia, akakataa, kwa kuwa aliogopa akiiachia atakaa chini pale pale. Alipofika aliusukuma mlango kwa bega, akaitua kompyuta juu ya meza ya kaka yake, juu ya karatasi alizokuwa akizisaini, akaigeuza kibandiko kimtazame.

Kaka akasoma. Akavua miwani, akasoma tena kwa karibu. Alikuwa mtu mpole, ambaye hata hasira yake huwa inakuja na hodi. Safari hii haikubisha hodi. Aliuliza ilikuwa wapi, akaambiwa. Akauliza tangu lini, akaambiwa. Akapiga meza kwa kiganja mara moja, chupa za sampuli zikalia kwenye vibao vyao, na wapimaji wote wakageuka. Akasema alimuuliza mkurugenzi jambo hili uso kwa uso, mara mbili, na mara mbili aliambiwa haijanunuliwa.

Wangeweza kuishia hapo, wameungana dhidi ya mtu wa tatu, mambo yakawa mepesi. Lakini Kiraka alikuwa na jambo jingine kooni, na siku hiyo kila kitu kilikuwa kimemfika hapo hapo.

"Kaka, nina neno. Mara ile sikuweka kiraka."

Kaka akamwangalia bila kuelewa.

Akamweleza. Linux waliyokuwa wakitumia ilikuwa ya toleo lililotulia. Watunzaji wake hawaingizi kitu kipya ndani yake kwa miaka. Likitokea tundu, wanachukua ile sehemu tu inayoziba na kuishonea kwenye programu ileile ya zamani, ili tabia yake isibadilike. Hicho ndicho kiraka. Miaka miwili nyuma kiraka cha namna hiyo kilikuwepo, cha dakika kumi. Yeye hakukitumia. Toleo jipya lilikuwa limetoka, lina mambo mengi mazuri, na kwa kuwa alikuwa amepewa saa nzima, alipandisha seva yote kwenye toleo hilo. Desimali zilikatwa na kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

"Nilikuomba kiraka nikabadilisha nguo nzima," akasema. "Na ukaamini viraka ndivyo vilivyo, nikakuacha uamini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu lingekuwa kosa langu peke yangu."

Kaka akavaa tena miwani. Kisha akasema, polepole, kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimwombea msamaha kwa watu, akiwaambia ni ajali ya kazi, mdogo wangu alifanya alichopaswa kufanya. Kwamba alikwenda kwa mume wa yule mama akamwambia maneno hayo. Kwamba Kiraka amemtia mdomoni uongo ambao yeye hakuujua. Akatoka nje, mlango ukajibamiza nyuma yake, na Kiraka akabaki amesimama katikati ya wapimaji ambao safari hii hawakuwa hata na adabu ya kujifanya wanatazama darubini.

Alirudi baada ya nusu saa. Hakuwa amepoa. Mkononi alikuwa na sanduku la majibu ya zamani, akalibwaga karibu na kompyuta. Mlikuwa na majibu mia nne na kumi na mawili.

"Yote yana desimali," akasema. "Utayapitisha humu, na kiraka chako, kiraka tu. Nambari moja ikitoka tofauti, karatasi yangu inabaki pale hadi nistaafu. Na ukimaliza utakwenda kwake mwenyewe. Mimi siendi tena."

Wakafanya kazi hiyo Jumatatu mchana na Jumanne kutwa. Hawakuzungumza zaidi ya lazima. Kiraka aliipa kompyuta ile mfumo uleule wa seva, faili kwa faili, kisha akaweka kiraka. Kaka akasoma namba kutoka kwenye karatasi, mpimaji mmoja akazisoma kwenye skrini. Jibu la fundi cherehani lilikuwa la mia mbili na sitini. Moja nukta tisa, kaka akasoma. Moja nukta tisa, skrini ikajibu. Hakuna aliyeinua macho.

Saa sita ya Jumanne mama yao akapiga simu kwa kaka, kwa kuwa shangazi mwenye duka la dawa mkabala na hospitali alishampelekea habari. Kaka aliweka simu mezani ili mikono iendelee na kazi, sauti ikiwa imefunguliwa, kwa hiyo maabara nzima ikamsikia mama akiuliza ni laana gani hii, watoto wawili wa titi moja wanagombania kompyuta kama wanagombania urithi. Kaka akasema hawagombani, Mama. Mama akauliza mbona sasa mwenzako hasemi. Kiraka akasema yupo, Mama, shikamoo. Mama akaitikia marahaba na kuwaambia kwamba Jumapili hapiki sufuria mbili.

Namba zote mia nne na kumi na mbili zilitoka sawa. Lakini Kiraka alipotaka kusimama na kusema nilikwambia, kaka akataka waunganishe na mashine yenyewe ya kupimia na wajaribu tena hai. Hapo ndipo walipoona. Kiraka kilipowekwa, muunganiko ulikatika kwa sekunde chache na kurudi, na sampuli ya kwanza baada ya kurudi ilipotea bila onyo. Haikukosewa, ilipotea tu. Mgonjwa angesubiri jibu ambalo halipo. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa rahisi, kuisimamisha mashine kwanza, kuweka kiraka, kisha kuiwasha upya. Lakini bila jaribio lile wasingejua. Kiraka aliliandika kwenye daftari bila kusema kitu. Kaka naye, kwa uungwana wake, hakusema kitu, ingawa alikisema kwa nyusi.

Jumatano saa nne mkurugenzi akatuma askari wawili wa getini kuichukua kompyuta. Kaka alisimama mlangoni na koti lake jeupe. Akawauliza kwa heshima kama wana barua. Hawakuwa nayo. Akawaonyesha kibandiko, akawaambia mali hii ni ya maabara, mwenye maabara ni mimi, na aliyeizuia isifike hapa ni yule aliyewatuma. Askari mkubwa akasoma kibandiko, akamwambia mwenzake twende tukanywe chai.

Saa saba mchana, sampuli za asubuhi zikiwa zimekwisha na za jioni hazijaanza, kaka akaisimamisha mashine kwa mkono wake, akabandua karatasi ya USIGUSE, akasogea pembeni. Kazi ilichukua dakika ishirini na mbili. Wakapitisha sampuli kumi za kujaribia. Zikaja zote, na desimali zake.

Alhamisi asubuhi Kiraka alifungua kumbukumbu za seva, pale inapoandika yenyewe kila anayebisha hodi. Kuanzia alfajiri kulikuwa na mtu, au mashine ya mtu, aliyejaribu kupita kwenye tundu lile. Mara thelathini na saba. Kila mara alikuta limezibwa. Akazichapa kurasa hizo, na siku iliyofuata akaingia nazo kwenye kikao cha nidhamu.

Kikao kilikuwa cha watu watatu na mkurugenzi. Shtaka lilikuwa kuhamisha mali ya ofisi bila kibali na kuiaibisha hospitali mbele ya wageni. Kiraka akaeleza kila kitu, pamoja na kosa lake la miaka miwili, kwa kuwa alikuwa amechoka kulibeba. Akaweka kurasa mezani. Kaka yake, aliyekuja bila kualikwa, akasema kama kuna barua ya onyo basi ziwe mbili, maana yeye ndiye aliyekataa kuirudisha. Mkurugenzi akazipitia kurasa zile kama mtu anayepitia gazeti la jana.

"Walijaribu kuingia, hawakuingia," akasema.

"Hawakuingia kwa sababu tuliziba," Kiraka akasema.

"Kwa hiyo hakuna kilichotokea. Tumegombana wiki nzima kwa jambo ambalo halikutokea."

Damu ilimpanda Kiraka hadi masikioni. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ndani ya sentensi ile. Akivunja, ni mhalifu. Akilinda, hakuna kilichotokea. Akamwambia mkurugenzi, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwamba kweli, hakuna kilichotokea, na kwamba kwa miezi kumi na moja yeye mkurugenzi aliweka mwili wa kila mgonjwa wa hospitali hii kwenye mizani na picha yake, akaona picha ina uzito zaidi. Mwanakamati mmoja akakohoa. Mwingine akaomba kuiona tarehe ya kibandiko.

Barua zilitoka mbili, kaka na dada, maneno yaleyale, onyo la mwisho kwa kila mmoja. Mkurugenzi hakupata hata moja. Kompyuta ilibaki maabara, kwa sababu mwanakamati aliyeuliza tarehe aliandika kwenye muhtasari kwamba ibaki, na sebuleni kukaletwa fremu kubwa yenye picha ya utepe, isiyohitaji umeme.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya fundi cherehani kupimwa. Kiraka hakupanda ghorofa ya juu. Alikaa naye kwenye benchi la nje ya maabara, akamweleza ilivyokuwa, bila kujificha nyuma ya maneno ya kazi. Yule mama alimsikiliza na mkoba wake mapajani. Alipomaliza, mama akasema kwamba alikuwa anajua kuna kitu hawamwambii, kwa namna walivyokuwa wakimpisha koridoni. Akasema hawezi kumsamehe leo. Labda siku nyingine, labda hapana. Kisha akaitwa ndani kutolewa damu. Kiraka akabaki benchini, akiwa na hasira ambayo sasa haikuwa na mtu mwingine wa kumtupia.

Mwezi mmoja baadaye kiraka kingine kikatoka. Kilipita kwenye kompyuta ya majaribio, na namba tatu kati ya mia nne na kumi na mbili zikaja tofauti. Mpimaji kijana akauliza kama wakiweke hivyo hivyo, kwani si hatari kuacha tundu wazi. Kiraka akasema ni hatari. Akafunga mlango wa seva unaokwenda kliniki za nje, akazipigia simu moja moja kuwaambia kwa siku mbili majibu yatakuja kwa karatasi, akawaandikia watunzaji wa Linux kuhusu zile namba tatu, na kaka yake alipokuja kuuliza wamefikia wapi, akamwambia bado.

Kaka akavuta kiti akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo likitoka kwa mdogo wake.

"Bado," akarudia.

"Bado," Kiraka akasema, kwa ukali, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Na usicheke."